Kipanga wa Paa la Ghala

Jumatatu, 4 Machi
Njiwa wamechafua tena magunia ya unga. Meneja kafoka, kisha akatangaza: atakayewafukuza ghalani ndiye msimamizi mpya. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mlinzi wa getini, akaanza papo hapo kutundika makopo. Makopo! Mimi niliinua macho, nikamwona kipanga juu ya tangi la maji. Cheo changu hicho.

Jumanne, 5 Machi
Kutwa nzima nipo juu ya paa. Jamani, yule ndege! Kaona panya ng'ambo ya uwanja. Mimi bila miwani simtambui mke wangu mlangoni. Akakunja mbawa, akashuka kama jiwe. Kucha zimepinda kama kulabu za bucha. Panya hakuwahi hata kulia. Kisha mdomo ule wa ndoano ukachana nyama taratibu, kama fundi cherehani anayefumua mshono. Nilisahau kula.
Mpango: nimzoeze, asihame.

Jumatano, 6 Machi
Nimempa maini kwenye ncha ya fimbo. Alinikazia macho ya manjano, hayapepesi. Nikajihisi nimeitwa ofisini. Akaondoka na maini na fimbo. Shemeji kauliza kama siku hizi nafuga. Nikamjibu asubiri tu, atanipigia saluti.

Alhamisi, 7 Machi
Maini asubuhi, maini jioni. Ananifahamu sasa! Nimemwalika meneja kesho ajionee.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Meneja kapanda ngazi zote, anahema. Kipanga kashiba, kajivimbisha, anasinzia. Njiwa watatu wamejipanga kando yake kama abiria wanaosubiri basi. Nikapiga makofi kumwamsha. Akageuka, akainua mkia, akalilenga shati la meneja. Hata hapo hakukosea.
Shemeji akasema kwa upole kwamba tumbo likijaa hakuna atakayewinda, maini yakome. Kapewa usimamizi yeye.

Jumatano, 13 Machi
Siku tano bila maini. Leo kipanga kapita katikati ya njiwa kama kisu. Manyoya yakatawanyika, kundi lote likatimka. Nilishangilia kwa nguvu hadi nikasahau kwamba nimeshindwa.
Lakini kwenye dari la ofisi nimegundua bundi. Manyoya laini, akiruka husikii kitu! Masikio yananasa mchakacho wa panya chini ya gunia! Na msimamizi mpya hana mpango wowote wa panya.
Nimeshampelekea bakuli la utumbo. Akishiba vizuri, ataanza kazi.