Hotuba Yangu Mbele ya Maiti Mwenye Raba

Watoto wa kambi, leo nimeaibika mpaka viatu vyangu vimeona haya. Na ni viatu vipya, vya ngozi!

Naeleza mwenyewe kabla video haijawafikia. (Video ipo. Mzazi wa siku hizi hata akienda kusali, simu iko juu.) Nataka nyote wa kundi hili muipate kutoka kwa mwenye aibu, si kutoka kwa wambeya.

Mnanijua. Mimi Ojok, mtoto wa koplo, zile nyumba za mabati karibu na bomba. Shule niliiachia darasa la sita, au yenyewe iliniachia, hatukuelewana. Nikasukuma toroli la saruji. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Bukoto, Kampala, malori mawili, na nyumba ya ghorofa. Ukiona jengo refu upande huu, uliza misumari ilitoka wapi. Nyumba yangu ina vyumba vya kulaza kikosi kizima. Kikosi chenyewe ni mimi.

Binti yangu Aber yuko bweni, kidato cha tano. Mtoto wangu pekee. Tangu mama yake atutoke, hatugombani, hapana. Tunakosa cha kusema tu. Marehemu mke wangu ndiye alikuwa mkalimani wetu, ingawa nyumba nzima tulikuwa tunaongea lugha moja. Likizo iliyopita mezani ilikuwa hivi:

"Shule?"

"Nzuri."

"Chakula cha huko?"

"Kizuri."

"Haya."

"Haya."

Likizo nzima! Askari wawili wa zamu wanaongea kuliko sisi.

Basi majuzi akanipigia. "Baba, likizo hii nafikiria kwenda Gulu kwa shangazi. Kule angalau kuna watu wa kuongea nao."

Nikajifanya namhudumia mteja. "Ngoja, kuna mtu anataka mabati." Hakukuwa na mtu. Niliporudi hewani nikamuuliza ataamua lini.

"Jumamosi, shule ikifungwa. Tutaigiza mchezo kwanza, darasa letu la Kiswahili. Mimi ndiye mtawala. Utakuja?"

Nitakuja? Mtoto wangu anatawala nchi, mimi nibaki nyumbani?

Nikapanga mpango wa kijeshi. Kama shida ni mazungumzo, mazungumzo nitayanunua. Nikatafuta kitabu chenyewe cha mchezo huo. Jirani yangu wa duka, Wafula, Mkenya wa Bungoma anayeuza rangi, alikuwa amekisoma alipokuwa sekondari. Akaagiza nakala kwao, ikaja na basi. Kitabu chembamba, nikacheka. Hiki? Nitakimaliza kabla ya chai.

Sikukimaliza kabla ya chai. (Wala kabla ya Krismasi, kama ningeendelea na mwendo ule wa mwanzo.) Nilisoma kwenye kaunta, kidole chini ya kila neno, mdomo ukitembea. Mteja akija anataka bawaba, namwambia, "Subiri kidogo mzee, kuna mtu anauawa."

Ni mchezo wa zamani sana. Kuna mtawala mmoja aliyeanza chini kabisa, akapanda kwa nguvu zake. Nikampenda hapo hapo! Ana rafiki yake, amemtoa kwenye njaa, amempa cheo, wanakula sahani moja. Huyo huyo rafiki anapanga na wakubwa wengine wamuue mtawala mezani, mkono bado uko kwenye chakula. Halafu msaliti anavaa nguo za msiba na kuongoza mazishi. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kupiga kelele dukani kwa Wafula.

"Watu gani hawa!"

Wafula akawa anakoroga rangi, hana haraka. "Ojok, huyo mtawala naye alikuwa na kiburi. Haulizi mtu, hasikilizi mtu. Anatoa zawadi kama anatupia kuku mahindi."

"Alikuwa mkarimu!"

"Alikuwa kama wewe."

Nikamnyima salamu mpaka jioni. Lakini nilisoma tena. Ukurasa wa mazishi ndio ulinishinda. Msaliti anawageukia raia na kuuliza ni nani atasimama kumsemea marehemu. Halafu pameandikwa neno moja, peke yake, katikati ya mstari: *Kimya*. Basi. Mtu amelisha mji mzima, halafu hilo ndilo neno lake la mwisho duniani.

Leo sasa.

Nikavaa suti ya kijivu. Nikafika shuleni mapema, nikakaa mstari wa mbele, maana mimi nyuma sikai, hata kwenye mazishi ya watu nisiowajua. Pembeni yangu mama mmoja wa gauni la gomesi, la zambarau, mkoba mapajani. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala yetu, cha kuokota. Mchezo ulipoanza nikaona amepotea, nikamsaidia.

"Nyabo, mama, huyo mwenye ndevu usimwamini."

"Bambi! Mbona anaonekana muzuri?"

"Ndiyo kazi yao."

(Ni shule ya wasichana. Msaliti alikuwa kitoto chembamba chenye ndevu za sufi nyeusi, upande mmoja zimeanza kubanduka.)

Aber akaingia. Jamani. Joho jekundu, kidevu juu, anatembea kama ardhi yote ni yake. Nikajiuliza amejifunza wapi kutembea hivyo. Mama wa gomesi akanitazama, akamtazama Aber, akasema, "Ssebo, bwana, huyu ni wako. Hata kutembea ni kwako." Suti ikanibana kifuani.

Kila neno alilosema nilikuwa nalijua. Midomo yangu ilikwenda naye. Nilikuwa nasubiri mchezo uishe nimwambie: nimesoma, niulize chochote. Nilikuwa nimepanga hata sentensi ya kuanzia.

Wakamuua mezani. Alianguka vizuri sana, bila kujikinga na mikono. Wakamfunika shuka jeupe la bweni, wakambeba, wakamlaza mbele kabisa, karibu na miguu yangu. Ukumbi ukatulia. Yule mwenye ndevu akasimama juu yake, akatugeukia sisi wazazi kana kwamba sisi ndio raia.

"Mlikula mezani kwake. Mlivaa nguo zake. Ni nani atasimama kumsemea?"

Kimya.

Nilijua. Wallahi nilijua hapo pameandikwa kimya, ukurasa wenyewe naujua. Lakini nyinyi ni watu wangu, mnajua mazishi yetu yanavyokwenda. Mshereheshaji akiuliza nani ana neno la marehemu, mtu wa suti aliyekaa mbele hasubiri kuulizwa mara ya pili. Mimi nimesemea maiti wengi kuliko padri. Na chini ya shuka lile kulikuwa na mtoto wangu, na ukumbi mzima umenyamaza.

Magoti yakanyooka yenyewe. Kifungo cha koti kikajifunga. Nikajikuta nimesimama juu ya jukwaa, nimewageukia watu.

"Wazee wa dini, maafande, waheshimiwa wote mliokaa kwa itifaki zenu." (Hakukuwa na afande hata mmoja.) "Kwa wasionijua, naitwa Ojok. Vifaa vya ujenzi, Bukoto, karibu na soko."

Ndiyo. Nilitangaza duka. Kwenye mazishi ya mtawala.

Yule msaliti akanisogelea, akanong'ona, "Mzee, tafadhali, hapa ni kimya."

"Wewe umemuua, halafu unanipangia?"

Ukumbi ukalipuka! Makofi! Mama wa gomesi akapiga kigelegele. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wazazi, Kiswahili chenyewe wanakishika nusu nusu, walidhani mimi ni sehemu ya mchezo. Mtu mwenye akili angeinama, ashukuru, ashuke. Lakini mimi makofi yakinipata, mdomo hauna breki.

"Marehemu nilimjua," nikasema. "Alianza bila kitu. Akajenga nyumba kubwa. Mlikuja kwenye sherehe ya kuifungua, mkala, mkabeba na chakula cha kufungiwa. Baada ya hapo nani alirudi? Marehemu alikuwa anapika chai ya birika zima kwa mazoea, anakunywa kikombe kimoja, nyingine anamwagia maua. Alikuwa anawasha redio jikoni na nyingine sebuleni, ili nyumba iwe na watu wawili. Mkipita mnasema huyo ana kiburi. Hana kiburi! Hajui tu aanzie wapi!"

Makofi hayakuja tena. Watu walikuwa wananitazama vibaya, yaani vizuri, yaani kwa ule uso ambao mgonjwa hutazamwa nao hospitali ya Mulago. Nami nikasikia sauti yangu imebadilika, imekuwa nyembamba. Nikatazama chini.

Shuka lilikuwa linatetemeka.

Halafu maiti akasema, bila kufungua macho, taratibu, kwa heshima zote:

"Baba. Niache nimalize kufa."

Mstari wa mbele wakasikia. Wa mbele wakawaambia wa pili. Kicheko kikatembea kwenda nyuma ya ukumbi kama moto wa nyasi, kikagonga ukuta, kikarudi. Mimi nikageuka kushuka haraka, kisigino kikakanyaga shuka, shuka likanifuata. Likaja lote! Mtawala mkuu akabaki wazi mbele ya taifa lake, joho jekundu juu, raba za michezo chini, soksi moja ya njano, nyingine sijui ya nani. Na mimi nashuka ngazi na sanda mguuni. Yule msaliti alicheka mpaka ndevu zikaanguka zote.

Nikakaa. Mama wa gomesi akanipa kitambaa chake bila kuniuliza. "Ssebo, unaigiza muzuri. Mimi nimelia kweli."

"Asante, nyabo," nikasema. Nikajifuta jasho.

Mchezo ulipoisha sikungoja chai ya wazazi. Nikaenda kukaa ndani ya gari, nimejificha nyuma ya kioo cheusi nilicholipia mwenyewe. Nikajiambia, hapo Ojok umemaliza. Ulikuja kumchukua mtoto, umempeleka Gulu kwa mkono wako.

Akaja. Sanduku mkono mmoja, joho begani, wanja umeshuka mpaka mashavuni. Akaingia, akafunga mlango. Ile sentensi yangu ya kuanzia ikapotea yote.

"Baba, umesoma kitabu?"

"Kidogo." Halafu nikaona uongo hauna kazi tena leo. "Mara mbili."

"Chote?"

"Na maelezo ya nyuma."

Akatazama mbele, kwenye lango. "Pale pameandikwa kimya."

"Najua."

"Sasa ulisimama kwa nini?"

"Nilikuona wewe ndiye umelala pale."

Akafunga mkanda. Nikawasha gari. Akasema shangazi ameshamwandalia kitanda, tiketi amemtumia kwa simu, basi linaondoka saa kumi, nimpeleke stendi. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sauti nzuri kabisa, ya mtu anayekubali bei. Tukateremka mlima, boda boda wakitukata kushoto na kulia, nikajua tumerudi kwenye "Shule? Nzuri."

Tulipofika kwenye foleni akasema tu, kama anajisemea:

"Lakini alistahili."

"Nani?"

"Mtawala. Alistahili kuuawa."

Watoto wa kambi, damu ilinipanda! "Alistahili? Mtu aliyemlisha yule mnafiki?"

"Alimlisha ili amtawale. Baba, hata siku moja hajamuuliza anataka nini. Soma pale mwanzo, kwenye karamu."

"Nimesoma! Alimpa farasi!"

"Nani aliomba farasi?"

"Farasi haombwi! Farasi unapewa, unasema asante!"

"Umeona? Umeona unavyoongea? Wewe ni yeye kabisa!"

"Na wewe una ndevu za sufi!"

Akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na hasira ya kweli, na niligonga usukani mpaka mwenye boda boda akadhani nampigia yeye honi, akanitukana kwa Kiluganda kizuri. Tulibishana foleni nzima. Nikapitiliza njia ya stendi. Nikazunguka, nikapitiliza tena. (Mara ya pili nilikuwa naiona.) Alivyokuwa anapiga mkono dashibodi kusisitiza, nikamuona mama yake, lakini sikusema.

Basi lilikaribia kutuacha, tulilikuta linaunguruma kuondoka. Akashuka mbio na sanduku lake, akapanda, akafungua dirisha. Kondakta anapiga ubavu wa basi, watu wanauza maji na mayai, na mwanangu anapiga kelele kwa stendi nzima kusikia:

"Na yule mke wa mtawala umemsahau! Yeye ndiye alijua kila kitu!"

"Mke hakujua kitu!" nikapiga kelele.

"Soma tena!"

Likaondoka naye.

Nimerudi nyumbani. Suti iko kwenye kiti, nimekaa na kitabu, natafuta huyo mke. Na nimempata, ukurasa wa kati, mwanamke mwenyewe anasema maneno machache tu, lakini Aber yuko sahihi, nachukia kusema. Nimemwandikia: "Alijua, lakini alimwonya, na hilo halikufanyi uwe sahihi kuhusu farasi." Alama mbili zimegeuka buluu. Amesoma. Chini ya jina lake inaonyesha anaandika. Inaacha. Inaonyesha tena anaandika.

Sasa video ikiwafikia chekeni, sikatazi. Lakini mtu asinipigie simu saa hizi kunipa pole, nataka laini yangu iwe wazi.