Shangazi kwa Rangi Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Maktaba inatafuta picha za watu kazini. Ukuta mmoja tu wa kuzitundika! Binamu atapiga za rangi. Mimi nyeusi na nyeupe. Rangi ni za kalenda. Mkutubi ndiye atakayechagua, na wachaguzi hupenda huzuni. Nitampiga Shangazi, mtia rangi vitambaa. Ijumaa anafunga karakana baada ya miaka thelathini na moja, mgongo umegoma. Huzuni tupu. Ukuta ni wangu.

Jumanne, 5 Machi
Nilimwomba Shangazi ahuzunike kidogo. Akaniuliza ahuzunikie nini, na mapumziko ameyasubiri kama mvua. Akacheka mpaka rangi ya pipa la buluu ikamrukia. Filamu nzima imeishia kwenye kicheko! Kisha akaja Binamu, kamera begani, na kiti cha kumpumzisha Shangazi. Mnafiki. Mbona sikufikiria kiti?

Jumatano, 6 Machi
Nimesafisha filamu bafuni, blanketi dirishani. Msiba! Vitambaa vyekundu, vya kijani, vyote rangi ya saruji mbichi. Mikono ya Shangazi, buluu hadi viwiko, utadhani kachokora masizi. Nikampelekea. Akauliza kwa upole nani kamwagia majivu nguo zake. Nikamweleza hiyo ni sanaa. Akasema basi sanaa inachuja rangi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda kwa Binamu, kusalimia tu (kupeleleza). Picha zake zinawaka! Roho ikaniuma. Lakini mkewe alizitazama zote, akauliza kile kitambaa cha manjano kinauzwa wapi. Shangazi aliye pichani hata hakumwona. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 8 Machi
Mkutubi kagawa ukuta. Vitambaa vya Binamu kushoto, kicheko changu kulia. Nusu! Nilikuwa nimenuna Shangazi alipofika. Akapita kwenye picha za rangi akitaja kila pipa kama anaita wanawe. Kwenye yangu akasimama. Kila kunyanzi lilionekana, na pengo la jino. Akasema, “Kumbe nimekuwa mama yangu hasa.” Mama yake, yaani bibi yangu, hakuwahi kupigwa picha. Akanishika mkono, akakataa kuuachia. Binamu naye akajifanya anafuta lenzi. Nampenda yule mjinga, lakini asijue.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari sana. Kosa ni la mkutubi. Jumatatu naanza na muuza maua wa sokoni. Nyeusi na nyeupe. Safari hii ukuta mzima!