Sehemu ya Nne ya Fomu Yenu Itaninyima Kazi

Ndugu Katibu wa Ajira Serikalini,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na ukiwa kazini. Mimi ni mzima. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nimeomba ile nafasi ya mtunza stoo mliyoitangaza. Fomu niliijaza kwa raha zangu hadi nikafika Sehemu ya Nne, panapotakiwa nieleze nilikowahi kufanya kazi na sababu ya kuondoka. Hapo, kwa heshima zote, nina malalamiko.

1. Mistari mliyotoa ni mitatu. Hiyo inamtosha mtu aliyetulia. Mimi nimepita duka la vifaa vya ujenzi, shule, kiwanda cha mikate, na kwingine ambako mke wangu amenikataza nisikutaje mbele ya wageni. Imebidi niandike pembeni mwa ukurasa, kisha nyuma ya picha yangu.

2. Sababu ya kuondoka mngewauliza mabosi, maana mimi sikuwahi kutaka kuondoka popote. Dukani nilifunga stoo kwa kufuli nikaenda kula, ufunguo mfukoni, bosi akiwa ndani anahesabu misumari. Nilikula taratibu, tena nikaongeza chai. Shuleni nilikuwa mgonga kengele. Njaa ilinizidi nikagonga ya chakula, wanafunzi wakanyang'anywa mtihani hata nusu hawajafika. Mambo kama haya yanahitaji nafasi ya kujieleza.

3. Chini mmeonya kwamba atakayeficha habari atafukuzwa mara moja. Basi nikisema sipati kazi, na nikificha nafukuzwa. Kufukuzwa huko nako nitatakiwa kukueleza katika fomu ijayo. Mnanirefushia historia ambayo tayari ni ndefu.

4. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Yangu si moja, nakiri, lakini mke bado ninaye. Isitoshe, makosa makubwa yote nimeshayamaliza kwa watu binafsi, kwa hasara yao wenyewe. Serikali itapata mtu aliyebakiwa na makosa madogo madogo tu. Ningekuwa wewe, Ndugu Katibu, ningeharakisha kabla nchi nyingine haijanichukua.

Mke wangu ni fundi cherehani na ndiye anayetulisha. Hajawahi kunisimanga hata siku moja, jambo linaloniuma kuliko masimango. Juzi binti yetu aliulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani, akaandika kwamba anatafuta kazi. Mwalimu akampa alama ya vema. Niliona aibu, nusura nilie.

Kwa hiyo naomba Sehemu ya Nne ifutwe kwa waombaji wote, wanaostahili na wasiostahili.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa dada wa mapokezi aliyenibadilishia fomu kila nilipoharibu na hakununa. Fundi wangu na binti yetu wanawasalimu pia.

Wako mtiifu, ambaye serikalini bado hajafukuzwa,

Mwombaji wa nafasi ya mtunza stoo

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, mke wangu ameniambia kuwa kaka yake naye ameomba nafasi hiihii. Ni shemeji yangu na nampenda, lakini mali ya umma haina undugu. Tafadhali mchunguzeni vizuri alikowahi kufanya kazi na kwa nini aliondoka. Mistari ikimwishia, mpeni karatasi ya ziada. Sehemu ya Nne msiifute kabla hajaijaza.