Duka la Leso Zisizo na Majina

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Habari mbaya. Mwenye kiwanja hapa Utange anataka kujenga ghorofa. Kibanda cha leso cha mke wangu Kache kiondoke kabla mwezi haujaisha. Kache ameuza leso pale tangu Dama wetu yuko mgongoni, na sasa Dama ameolewa Kilifi! Hakulia. Alikunja leso zote, akazikunjua, akazikunja tena. Hapo nikajua ameumia, maana leso zenyewe hazikuwa na kosa.

Nikamwambia asijali, mume anaye. Akaniangalia kwa huruma. Sijui huruma ya nini. Ule mradi wa kuku wa mayai ulishindwa na kuku, si mimi.

Jumanne, tarehe 2 Septemba

Nimepata! Duka la mtandaoni!

Jirani yetu Bramwel, muuza viatu vya mitumba, mtu wa Bungoma, analo kwenye simu. Wafuasi elfu nne! Yeye kakaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa soda, viatu vinajiuza. Akasema akinifungulia mimi ni kazi ndogo tu. Nikakataa. Siwezi kusaidiwa na Bramwel, mtu anayevaa soksi na patipati. Nikahangaika mwenyewe asubuhi nzima, simu ikapata moto kama pasi. Mchana nikaenda kumwomba. Alimaliza kabla soda yake haijaisha. Ana kiburi sana.

Duka linaitwa Kache Leso Dunia Nzima. Hayo ya dunia nzima ni wazo langu.

Alhamisi, tarehe 4 Septemba

Siku ya picha. Nilianika leso kambani, zimekunjwa vizuri, rangi tu ndiyo inaonekana. Nikazipa nambari. Bidhaa ya Kwanza, nyekundu. Bidhaa ya Pili, nyekundu nyingine. Kuku wa jirani kaingia kwenye Bidhaa ya Sita. Nimemwacha, anachangamsha.

Kache akaja, akauliza majina yako wapi. Ati mwanamke hanunui rangi, ananunua yale maneno yaliyoandikwa chini ya leso, maana ndiyo yanayomsemea asiyoweza kuyasema kwa mdomo. Akasema leso bila jina ni pazia. Nikamweleza kwa upole kwamba dunia nzima haina muda wa kusoma. Tena leso ikishafungwa, maneno hukaa nyuma, chini ya kiuno, na marehemu mama alinikanya nisitazame wake za watu huko. Umri huu wote sijasoma leso hata moja. Hiyo ni heshima!

Kache akaguna, akaenda kukuna nazi.

Jumapili, tarehe 7 Septemba

Kanisani mchungaji alidhani nina ushuhuda, akanipa maikrofoni. Nikatangaza duka. Maikrofoni ilichukuliwa, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Ujumbe umeanza kuingia! Wanawake watupu, na wote wanauliza kitu kimoja: jina? Nimewajibu kwa adabu kwamba mimi ni Nguma, na shikamoo kwa aliye mkubwa wangu. Hakuna aliyerudi. Wanawake wa siku hizi! Wanakuanza wenyewe, kisha wanakukimbia.

Bramwel alipita kuuliza eti biz iko aje. Nikamwambia iko juu sana, wateja wananisumbua.

Ila kuna jambo limenichoma. Nimemsikia Kache akiuliza bei ya vibanda Magongo. Magongo! Avuke mji mzima kila alfajiri, na goti lake lile? Nikamsihi angoje kidogo. Akasema sawa, kwa ile sauti ya kumwambia mtoto kwamba kesho atapelekwa baharini. Nimeshindwa kula. Nimekula baadaye.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

ODA! Oda ya kweli!

Anaitwa Tinga, wa Mwakirunge, anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe. Kakake amefariki, maziko ni Jumamosi. Wanataka sare ya wanawake wa nyumba, pea kumi na mbili: mjane, mavyaa wake, mawifi, mashangazi. Kachagua Bidhaa ya Tisa, nyeusi na nyeupe. Hakuuliza jina wala nini. Mwanamume kwa mwanamume, tumeelewana.

Kache alipoona ujumbe alinishika mkono. Mbele ya Bramwel! Akaanza kunielekeza leso za matanga ziko rafu gani, zile zilizoandikwa Kazi ya Mungu Haina Makosa. Nikaitikia kwa kichwa. Sikusikia vizuri, akili yote ilikuwa mkononi.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Kache alikuwa kwenye mkutano wa akina mama, nikajifungashia mzigo mwenyewe. Leso nyeusi na nyeupe zilikuwa rafu mbili. Nikachukua furushi ambalo halijafunguliwa. Kitu kipya ni heshima kwa marehemu.

Nikapanda boda. Kijana wa boda akasema anaijua njia. Nikamwambia naijua zaidi. Tukatokea kwenye jaa la taka, tukageuza, tukatokea kwenye jaa lile lile upande wa pili. Tulipofika matangani jeneza lilikuwa linatolewa nje. Wanawake wakanipokonya furushi, wakajifunga mbio mbio bila kukata wala kupinda, wakakimbilia kaburini.

Nikasimama nyuma ya umati. Nilijaa fahari. Sare safi! Mjane, Josephine, alikuwa ameketishwa kwenye kiti upande wetu. Wale wengine kumi na mmoja wakasogea mbele, wakainama pamoja kutupa mchanga, migongo yote kwetu. Mama anisamehe. Hapakuwa na mahali pengine pa kutazama. Nikasoma:

NIMEMPENDA MWENYEWE, SEMENI MCHOKE.

Mara kumi na moja!

Mzee mmoja pembeni yangu akashika kichwa. Akaninong'oneza kwamba Josephine ni mtu wa Machakos, tena kamzidi marehemu umri, na ukoo mzima ulimsema tangu siku ya arusi. Walisema amefuata shamba. Aliyesema kushinda wote ni mavyaa wake, mama wa marehemu. Na huyo ndiye leso yake ilikaa vizuri kuliko zote, herufi zimenyooka!

Josephine akainua uso. Akasoma mgongo wa mavyaa. Akasoma wa wifi, kisha wa shangazi. Akaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia. Lakini alikuwa anacheka pia. Sijapata kuona mtu akifanya yote mawili pamoja. Nilitamani ardhi inimeze, ila iliyokuwa wazi ilikuwa na mwenyewe.

Tinga akaanza kuuliza watu muuza leso ni nani. Alikuwa na sepetu. Nikakumbuka nina shughuli Utange.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Nimemwambia Kache kila kitu. Hakufoka. Alivaa viatu, akasema twende tukaombe radhi. Nikashauri aende peke yake, mimi nilinde duka. Akachukua simu yangu, akaitia kwenye mkoba wake, akasema duka linakwenda.

Mwakirunge tulimkuta Josephine mkekani na wenzake. Kache alipiga magoti, na goti lile. Akasema mume wake hana ubaya, ila hasomi. Akatoa zile pea za Kazi ya Mungu. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji, kwa sababu ya Tinga.

Josephine alizirudisha. Akasema maisha yake yote ya ndoa alingoja hata mtu mmoja wa nyumba ile akubali kwamba alimpenda yule bwana, si shamba. Hawakukubali. Jana wakamvalia neno lake mpaka kaburini, wakainama nalo. Marehemu angelicheka mpaka apaliwe, akasema, akajifuta macho kwa pindo la leso.

Mavyaa alikuwa ukutani, amejifunga ile ile. Akasema kitambaa chenyewe si kibaya. Akatazama kando. Kisha akamsogezea mkwewe kikombe chake mwenyewe cha chai, akamwambia anywe, tangu jana hajatia kitu tumboni.

Nililia nyuma ya tangi. Tinga alinikuta pale. Naye alikuwa analia, tukapeana mkono.

Jumanne, tarehe 16 Septemba

Simu haipumziki! Wanawake wote waliokuwa matangani wanaandika. Mmoja ana jirani msengenyaji. Mwingine amenuniwa na wifi. Mwingine anataka kumshukuru mama yake na hajui aanze vipi. Kache anasoma, anafikiri, anamchagulia kila mmoja jina la kumfaa. Anauza akiwa sebuleni kwetu, goti juu ya mto. Leso zimejaa kwenye kabati langu, mashati yangu yako chini ya kitanda. Habari za Magongo hazizungumzi tena. Kibanda tutakibomoa Jumamosi, naye anaimba!

Nani alisema mtandao utauza? Mimi! Na siri ya biashara nimeshaijua: mteja hufurahi akipata asichoagiza. Nimependekeza tuwe tunachanganya oda zote kwa makusudi. Kache akasema hapana. Akasema mimi nibaki na picha, na kila leso niandike jina lake.

Haya, naandika. Leo amejifunga leso mpya, kijani na chungwa, ameitafuta mwenyewe kwenye mafurushi tangu asubuhi. Akapita mbele yangu, akageuka. Akapita tena, akageuka. Mwisho akasimama tu kanipa mgongo, muda mrefu, nikadhani kuna kitu kimempotea. Nikamwambia atulie hivyo hivyo, nikapiga picha nzuri sana. Maneno nimeyanakili herufi kwa herufi, kazi ni kazi: NIMERIDHIKA NA WANGU, WENYE AKILI CHUKUENI.

Nimeiweka dukani papo hapo. Sidhani kama itanunuliwa. Mwanamke gani atajitangaza kwamba mumewe hana akili, na bado anampenda? Maskini, popote alipo nimemhurumia. Nimempunguzia bei.