Ugomvi Uliopangiwa Alhamisi

Wakaaji wote wa Lusangi, wenye mashamba na wenye machimbo, walijulishwa Jumamosi ya soko kwamba Kamati ya Kudumu ya Amani, Maridhiano na Kuishi Pamoja ilikuwa tayari kuwapatanisha. Tendo hilo la kihistoria lingefanyika Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, mbele ya wajumbe kutoka mkoani. Kwa hiyo pande zote mbili ziliombwa kuendelea kugombana kwa utulivu mpaka siku hiyo.

Aliyelisoma tangazo, amesimama juu ya benchi la muuza samaki, alikuwa Papa Isidore, sekretere wa Kamati. Ndiye aliyeliandika pia, na maneno "kwa utulivu" yalimsumbua asubuhi nzima.

Tusimcheke haraka. Isidore aliipenda amani kwa moyo wake wote. Kiangazi kilichopita, wakulima na wachimbaji wa dhahabu walipokutana na mapanga kwenye kijito cha Kakozi, ni yeye aliyempakia Faradji, mchimbaji, kwenye pikipiki hadi hospitalini Kabambare, akiukandamiza kwa shati lake mkono uliobakiwa na vidole vitatu. Chanzo kilikuwa matope. Wachimbaji waliosha mchanga wao upande wa juu. Upande wa chini, mihogo ambayo akina mama waliiloweka ilitoka myekundu, imejaa mchanga.

Jumanne, Mama Séraphine, msemaji wa wakulima, aliingia bironi, ofisini mwa Kamati, akiongozana na Katembo, mkubwa wa wachimbaji, mtu wa kutoka Butembo. Walikuwa wanacheka.

"Papa Sekretere," alisema Séraphine, "tulikuja kukuambia, ile maneno imeisha."

"Imeisha namna gani? Iko ya Alhamisi!"

"Miezi mitatu nakula bugali yenye mchanga," Katembo alieleza. "Nikaenda kumugombeza huyu mama, ndiye ananiuzishaka unga. Akanijibu: 'Mchanga ni yako, Katembo. Miye nakurudishia tu.'"

Basi Katembo alikwenda kutazama mahali mihogo inapolowekwa, akarudi kuwaita watu wake. Kwa siku mbili wachimbaji na akina mama walichimba mfereji, maji machafu yakageukia kwenye shimo la zamani lisilo na dhahabu. Faradji alikuwa wa kwanza kushika jembe. Sasa Kakozi ilipita safi.

Isidore alitaka kuwakumbatia. Badala yake alikohoa, kama afanyavyo mtu wa serikali akipatwa na furaha saa za kazi, akakimbilia kwa Prezida wa Kamati.

Prezida Iliasi alimsikiliza akiwa amefumba macho.

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini, Prezida?"

"Ya kupatana."

Makamu wake, Papa Alain, alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema amani iliyofanyika bila wajumbe ni amani ya kienyeji, haina picha. Wakubwa hao wawili, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya saa, walikubaliana mara moja: mfereji uzibwe hadi Alhamisi mchana, ili ugomvi upatikane ukiwa bado mbichi.

Isidore aliandika barua. Ilikuwa barua nzuri, yenye "kwa kuzingatia" tatu. Akaipeleka mwenyewe hadi kijitoni, ambako Séraphine alikuwa akitoa mihogo majini, myeupe kama jino.

"Inasema nini?"

"Inaomba... amani isimame kidogo. Siku mbili tu. Muzibe mfereji."

Katembo aliangua kicheko. Séraphine hakucheka.

"Papa Isidore, ile siku ya mapanga ulikuwa hapa. Ukirudisha hii matope, utaita nani aje kuizuia? Wajumbe?"

Isidore aliitazama barua yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, maneno "kwa kuzingatia" yalimtia aibu. Aliikunja, akaichana, akavitia vipande mfukoni, maana kijito kilikuwa safi.

"Mukuje tu Alhamisi," alisema. "Mfereji musiuguse."

Alhamisi, saa nne kasorobo, mambo yote yalikuwa tayari: mabenchi, maua, kitambaa cha meza. Lilibaki swali moja dogo. Nani angeunganisha mikono ya wagomvi mbele ya mpiga picha?

"Prezida," alisema Prezida.

"Hapana. Prezida iko wa amani," alijibu Alain. "Maridhiano iko ya makamu. Soma jina ya Kamati!"

"Wewe iko 'na Kuishi Pamoja' tu!"

Alain alimshika Prezida ukosi. Prezida alimshika Alain tai. Kwa kuwa mvua ilinyesha alfajiri, waliteleza pamoja, kwa umoja ambao Kamati haikuwahi kuuona, wakaingia matopeni. Séraphine akamvuta mmoja miguu, Katembo akamzuia mwingine mikono, na hapo ndipo pikipiki za wajumbe zilipotokea.

Mkuu wa ujumbe, Mama Célestine, alishuka akafuta miwani yake.

"Pole sana," alisema. "Hali ni mbaya kuliko tulivyoandikiwa. Nani wa mashamba, nani wa machimbo?"

"Mimi ni Prezida!" alilia Iliasi, matope yakimtoka mdomoni.

"Ndiyo, Papa. Kila mutu anapata nafasi ya kusema." Akamgeukia Isidore. "Sekretere, wapatanishi ni nani?"

Isidore alikohoa, akawaonyesha Séraphine na Katembo. Hakuwa amesema uongo.

Kikao kilichukua nusu saa. Séraphine aliuliza chanzo cha ugomvi. Hakuna aliyethubutu kukitaja. Wagomvi wakapeana mikono, picha ikapigwa, na wakapewa kazi ya pamoja ya kujenga undugu: kuzoa matope ya mfereji kila Jumamosi, miezi mitatu, chini ya usimamizi wa Katembo.

Wajumbe walipoondoka, Prezida alimvuta Isidore pembeni.

"Utarekebisha raporo ya kikao. Andika tulikuwa tunaonyesha mfano."

"Haiwezekani, Prezida," alijibu Isidore kwa heshima kubwa. "Kwa sasa ninyi ni upande wa ugomvi. Upande wa ugomvi hauandikishi raporo."

Kisha akamtafutia jembe.