Mteja Bandia wa Ofisi ya Ustawi

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa ofisi yetu ya ustawi wa jamii ametangaza cheo kipya: mratibu wa kuboresha huduma. Atakipata yule atakayetuonyesha Ijumaa jinsi ya kuoanisha utafiti na yale yaliyowapata watu tunaowahudumia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, akasema.
Nikamtupia jicho mwenzangu wa meza ya jirani, tunayemwita Takwimu. Anatabasamu tayari! Ana michoro. Ana asilimia. Amehoji wajane na wazee mpaka wamemzoea kama mkwe. Mimi nina nini? Kiti kinachozunguka.
Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kesho naenda ofisi ya ustawi ya ng'ambo ya mji, wasikonijua, nijifanye mteja. Takwimu ana kunguni wa kuazima. Mimi nitaumwa na wangu!

Jumanne, 5 Machi
Shati lililochakaa, kofia hadi kwenye nyusi. Benchi limejaa. Feni inazunguka bila upepo. Karani anaita watu kwa shida zao, kwa sauti ya mnadani: yule aliyefukuzwa na mume, apite! Mama wa watu akainuka, kichwa chini. Nikaona haya kwa niaba yake. Halafu nikakumbuka kwamba hata kwetu tunaita hivyohivyo. Safi sana! Hoja ya kwanza ya hotuba yangu ya Ijumaa.
Zamu yangu ikafika. Afisa ni dada mmoja mpole mwenye miwani. Sikuwa nimeandaa shida! Nikaropoka kwamba namtunza mama yangu mzee na mzigo umenielemea. Akauliza Mama huzungumza na nani mchana. Nikabuni. Akauliza neno la mwisho Mama aliloniambia. Nikakohoa. Akauliza ninapoishi. Hapo, kwa woga, nikasema kweli! Uongo wote ule, na anwani ndiyo nimeitoa sahihi.
Anakuja kesho kutazama hali. Mwandiko wenyewe leo kama nyayo za kuku.

Jumatano, 6 Machi
Nimeomba ruhusa kazini: tumbo. Uongo mwingine. Nikamweleza Mama kwamba anakuja mgeni wa ofisi, na kazi yake ni kusema tu kwamba mwanawe anamtunza vizuri ila amechoka.
“Umechoka na nini, mwanangu?” akauliza.
Nikamsihi asiniharibie.
Dada wa miwani akaja. Kila alichomuuliza Mama, nilijibu mimi. Mwishowe akaniomba, kwa upole unaotia shaka, nikamletee maji ya kunywa dukani. Nikaenda mbio, ndala ikakatika, nikarudi nachechemea. Nikawakuta wanacheka, na macho ya Mama yamelowa.
Mgeni alipoondoka, nikamuuliza Mama amesema nini. Akasema wameongea tu. Wameongea tu! Sijapata kusikia neno la kutisha kama hilo.

Alhamisi, 7 Machi
Hotuba inakwenda vizuri. Nina karani wa mnadani, nina benchi, nina machozi ya mama wa watu. Takwimu anapita akiimba puani. Kumbe kesho ana mgeni! Ofisi ya ng'ambo imempatia mzee aliyekubali kuja kusema mwenyewe. Nikajipa moyo: wazee wako wengi duniani.
Jioni Mama akasimama mlangoni, ana jambo la kuniambia. Kesho, Mama, nikamwambia, kesho.

Ijumaa, 8 Machi
Laiti ningeumwa kweli.
Mgeni wa Takwimu alikuwa Mama. Amevaa gauni alilovaa harusini kwa dada yangu. Nikarudi nyuma ya nguzo. Takwimu hakujua kwamba ni mama yangu, wala hakuhitaji kujua. Mama hakulia, hakulalamika. Alisema mwanawe si mtu mbaya, chakula analeta. Ila huzungumza naye akiwa anatembea, na mlango huufunga kwa kisigino. Mchana, alisema, yeye huegemea ukuta asikie redio ya jirani, apate sauti ya binadamu.
“Kazi ya mwanangu ni kusikiliza watu,” akasema. “Akirudi jioni, masikio yamekwisha.”
Mkuu akauliza kwa huruma mwana huyo yuko wapi. Mama akanyoosha kidevu kuelekea nguzo.
“Kumbe mteja wangu!” akasema dada wa miwani, aliyekuwa amemleta Mama.
Takwimu kapata cheo. Mama kaombwa aje kila mwezi kuwafundisha maafisa. Mimi sikufukuzwa. Nimeagizwa kuhudhuria kikundi cha wanaotunza wazee na wagonjwa. Kama mteja. Safari hii wa kweli.

Jumamosi, 9 Machi
Viti vya duara. Mzee mmoja anayemuuguza mkewe alisema siku hizi mkewe humwita kwa jina la mtu mwingine, naye huitika. Akalia. Nikasogeza kiti mbele, nasema kweli. Nilitaka kusema kitu kuhusu Mama.
Ndipo nikasikia kwamba kikundi hakina mwenyekiti! Uchaguzi ni Jumamosi ijayo, na mwenyekiti huingia mikutano ya Mkuu, uso kwa uso na Takwimu! Kikwazo ni yule mzee tu. Wanampenda. Analia vizuri mno, na mimi sina hata chozi la akiba.
Nimerudi mbio, nikamweleza Mama mpango: wanakikundi wakija kututembelea, alale kitandani, akohoe kidogo.
Amekataa. Anasema hana nafasi, anaandaa somo lake la maafisa.
Sawa. Nitamwomba shangazi. Naye hukohoa vizuri zaidi.