Mume wa Bibi Birika

Asubuhi ile Bunge zima lilifika kijiweni kwetu likiwa limekunjwa kwapani mwa Profesa.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lenye miguu mitatu na tofali, limebanwa katikati ya kibanda changu cha kushona viatu na kile cha Wembe, kinyozi. Kahawa anauza Bibi Birika. Gazeti ni la Profesa, na halishikwi na mkono mwingine. Ukilinyooshea hata kidole anakwambia, "Acha, utachafua hoja."

Akaketi, akalikunjua, akalitazama kwa mbali, akalitazama kwa karibu, akapapasa mfuko wa shati.

"Miwani nimesahau," akasema. "Lakini nimeshalisoma nyumbani. Jana mbunge kasimama, kauliza: je, serikali ina mpango gani wa kuwapa posho wanaolea watoto wa ndugu zao?"

"Hata redio yangu ilisema hivyo hivyo," akasema Wembe. "Neno kwa neno."

"Redio inaniiga mimi. Waziri kajibu kwamba serikali inatambua mchango wao."

Wembe akazima mashine. Mteja wake akabaki na nusu ya nywele, nusu ya kichwa. "Inatambua?"

"Inatambua. Tena inathamini."

"Basi wameshashiba!" akadakia Breki. Huyu aliendesha malori maisha yake yote, nasi tukampa jina la kitu ambacho mdomo wake hauna. "Mtoto akilia njaa unamwambia, nyamaza mwanangu, umetambuliwa. Akizidi kulia, unamwongezea kijiko cha kuthamini."

"Kulikuwa na swali la nyongeza," Profesa akaendelea, bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti asilolisoma kwa kukosa miwani. "Mbunge kauliza, lini? Waziri kasema mchakato unaendelea."

"Huo mchakato nimeanza kuusikia nikiwa na nywele," akasema Breki akijipapasa upara. "Leo hii hata Wembe hanioni kama mteja."

"Nakuona kama kioo," Wembe akajibu. "Lakini mimi namhurumia huyo waziri. Atajuaje ndugu ni nani? Mtoto wa dada yangu ananiita mjomba, wa kaka yangu ananiita baba, wa jirani ananiita vyovyote ili mradi sahani ijae. Wote wanalala kwangu. Posho ya ndugu ikitoka, nchi nzima itapanga mstari."

"Na ipange!" akasema Breki. "Wakati wa kampeni si wanatuita ndugu wananchi? Sauti inapaa kwenye spika, ndugu zangu, ndugu zangu! Sasa ndugu zao tumefika, tunaulizwa sisi ni akina nani."

Tukacheka wote isipokuwa Bibi Birika. Alikuwa anasuuza kikombe kilichokwisha suuzwa.

Ilinibidi nimpige Breki kikumbo. Bibi anamlea mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyekwenda kutafuta maisha, na hayo maisha mpaka leo hayajapatikana. Kijana tunamwita Bwana Mdogo. Bibi mwenyewe anamwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kiume, naye anamwita mke wangu, tena kwa ukali, hasa chai ikichelewa. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Viatu nilikwisha kumtengenezea kutokana na jozi ya mteja aliyehama mtaa na deni lake. Lakini sare hana, daftari hana, na mwalimu mkuu alikwisha sema mtoto bila sare asimwone hata getini. Kwa hiyo Bibi aliomba msaada ofisi ya ustawi wa jamii. Akakataliwa. Akaomba tena. Akakataliwa kwa adabu zaidi.

"Leo wanakuja tena," akasema, akikung'uta kikombe. "Nikikosa leo, mume wangu anakaa nyumbani mwaka mzima ananihesabia vikombe, na hesabu yenyewe hajui."

Hajamaliza, afisa akatokea. Kijana mwembamba, shati limechomekwa, kishikwambi kifuani kama ngao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitambua tena?"

Afisa akaona aibu, akaketi upande wa benchi wenye tofali. "Bibi, tatizo si mimi, ni hii mashine. Inataka uhusiano wako na unayeishi naye. Ina mke, mume, mzazi, na mengineyo. Neno bibi halimo. Nikibonyeza mengineyo, inaniambia mchakato unaendelea."

"Mengineyo!" Wembe akatoka nje na mashine mkononi, na mteja nyuma yake na shuka shingoni. "Mtu mzima na birika lake anaitwa mengineyo?"

"Mengineyo ni kamba na misumari," akasema Breki. "Mengineyo ni vile vitu vya mwisho dukani ambavyo hata mwenye duka havijui."

"Kimya," akasema Profesa. "Mwacheni mtaalamu afanye kazi."

Afisa akamgeukia mtoto, aliyekuwa amechuchumaa chini anamfunga mende kamba. "Bwana mdogo, hebu niambie. Huyu ni nani wako?"

Mtoto akamwangalia kama mtu aliyeulizwa jua ni nini.

"Mke wangu."

Sijui kama ni uchovu, au kidole kilizoea kufuata sikio. Afisa akabonyeza. Mashine, ambayo mara mbili ilikuwa imenuna, ikalia ting!

"Imekubali," akasema, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyesukuma mlango usiofungwa.

"Imekubali nini?"

"Imekubali... ndoa."

"Futa!" akasema Bibi.

"Haifutiki, bibi. Inauliza mume anafanya kazi gani."

"Sina kazi," akajibu Bwana Mdogo. "Nilikuwa nawaangalia kuku wa jirani, nikafukuzwa."

"Kwa nini?"

"Nililala."

Ting!

"Afya?"

Mtoto akapanua mdomo. Mbele hapakuwa na kitu. "Meno yameng'oka. Nyama sitafuni. Nasubiri mengine."

Ting! Benchi lote likawa limemzunguka afisa, pumzi zikifukiza kioo.

"Mume anajua kusoma na kuandika?"

"Angejua ningekuwa nakusumbua?" Bibi akafoka. "Si ndiyo hiyo shule ninayoitafuta!"

Ting, ting, ting! Afisa akasoma, kisha akasoma tena kwa sauti. "Ombi limepita. Mke anayemhudumia mume asiyejiweza atapata posho kila mwezi. Na mume, kwa kuwa hajui kusoma, anapelekwa kisomo cha watu wazima, jioni, kuanzia Jumatatu. Daftari na kalamu bure." Akasogeza kidole. "Sare haihitajiki."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa nzuri mno.

Profesa peke yake ndiye aliyeinuka. "Napinga! Mtoto kumchanganya na watu wazima? Tena kule nyuma ya soko, benchi zenyewe chache, taa yenyewe inazimikazimika? Kama msomi, napinga."

"Wewe umejuaje taa inazimika?" akauliza Breki.

"Nimesoma gazetini."

Bibi Birika hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama afisa. "Mwanangu, huu si uongo?"

"Mimi nimeuliza, bibi, na mwenye nyumba kajibu. Mashine imetambua."

Bibi akajifunga upya kanga. "Nimekuja kwenu kama bibi, mkaniita mengineyo. Haya. Kama mnanitaka mke, naolewa. Mume wangu, utakwenda kisomo?"

"Kuna chai?" akauliza mume.

Na akaenda. Posho ya kwanza ilipotoka Bibi akanunua sare, mtoto akaingia na shule ya asubuhi pia. Jioni akaendelea na kisomo, maana jina lake lilikuwa kwenye orodha na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani. Mtaani nako habari zikatembea. Bibi mmoja akaja kuuliza namna ya kuolewa, kesho yake wakaja watatu. Kuna ajuza mmoja aliolewa na wajukuu wanne siku moja, na mashine ikampa pongezi.

Miezi ikapita. Jioni moja Profesa akaja mbio, gazeti kwapani.

"Bunge!" akasema. "Leo kuna jambo zito." Akakunjua, akatazama kwa mbali, akatazama kwa karibu, akapapasa mfuko. "Ah. Miwani."

"Lete nisome, babu," akasema Bwana Mdogo, ndani ya sare, mikono ya shati imekunjwa mara mbili. Kabla Profesa hajasema utachafua hoja, gazeti lilikwisha kuwa magotini pa mtoto, na kidole kinatambaa.

"Wa-zi-ri... asema... mabibi... wanaolea wa-ju-kuu... wamekwisha... nchini." Akavuta pumzi. "Mchakato... wafungwa. Ndoa... za-o-nge-ze-ka."

Breki akaanguka nalo benchi, tofali likatoka. Wembe akamkata mteja sikio kidogo, akamwomba radhi huku akilia kwa kicheko. Bibi Birika akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

"Kasoma vizuri," akasema Profesa, akikohoa. "Ndivyo hasa nilivyosoma mimi nyumbani. Ila ningekuwa na miwani, ningekwenda haraka zaidi."

Mtoto akamtazama kwa huruma ya kweli. "Kwani miwani yako iko wapi, babu? Mbona hata kule huwa huji nayo?"

"Kule wapi?" tukauliza wote kwa pamoja.

Profesa akalinyakua gazeti, akalikunja vibaya, akasema ana mgeni nyumbani. Hatua hazikufika tatu, mkono mdogo ukamshika suruali.

"Nisubiri twende wote, babu. Leo kuna imla."